Bustani iliyosubiri miaka tisa: vifaa vimejaa uani, nianzie wapi?

Toroli Moja ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Nina ua wa nyuma wenye mteremko, ambao kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikiahidi kuugeuza kuwa bustani. Mpango wenyewe si mkubwa. Nataka ukuta mfupi wa kuzuia udongo katikati ya mteremko, wenye urefu wa mita 9 na kimo cha sentimita 60. Njia ya kupitisha toroli kutoka langoni hadi chini, yapata mita 14. Na matuta mawili ya mboga kwenye sehemu itakayosawazishwa juu ya ukuta. Nilipoanza niliazimia kutonunua chochote ninachoweza kukiokota au kupewa, na azimio hilo nimelitimiza kupita kiasi.

Nilipobomoa maegesho ya zamani, yaliyokuwa na ukubwa wa mita 7 kwa 3 na unene wa sentimita 10, nililihifadhi zege lote. Jirani alipovunja ukuta wa ndani ya nyumba yake alinipa matofali ya kuchoma yanayokaribia 400. Baada ya hapo zikafuata paleti 11, mbao nne nene nyeusi za reli ambazo jua likiwaka hunuka lami, fremu sita za madirisha zenye vioo vyake, vipande vinne vya mawimbi vya rangi ya kijivu vinavyofanana na bati ingawa si chuma, mapipa mawili ya plastiki ya bluu ambayo sijui yalibeba nini, na hodhi la kuogea la chuma ambalo watu wanne walihema kulifikisha hapa.

Nguvu ninazo, na nia ninayo. Kinachonishinda ni kwamba kila Jumamosi natoka, nalitazama rundo, nahamisha vitu kutoka pembe moja kwenda nyingine ili nipate nafasi ya kufanyia kazi, na jua linazama kabla kazi yenyewe haijaanza. Majani yamekwisha kuota katikati ya paleti, na zege liko mahali palepale ambapo matuta yanatakiwa kuwa. Naomba mnisaidie kwa mambo matatu: nianzie wapi, je, nilivyonavyo vinatosha, na kipi nisikitumie kabisa hata kama moyo unauma?

Mwashi Mstaafu amejibu:

Ndugu Toroli Moja, kabla hujashika mtaimbo shika kalamu. Umetueleza ukubwa wa ukuta unaoutaka, kisha ukatueleza ukubwa wa zege ulilonalo, lakini vitu hivyo viwili hukuvikutanisha. Nadhani hapo ndipo miaka tisa ilipopotelea.

Ukuta wa zege lililobomolewa hujengwa kwa kulaza vipande kimoja juu ya kingine, upande uliovunjika ukitazama nje kwa kuwa unafanana na jiwe, na kila kipande kiingie ndani ya mteremko kwa wastani wa sentimita 35 kwa kimo ulichokitaja. Mita moja ya mraba ya zege lako, ikigawanywa katika vipande vya kina hicho, hutoa karibu mita 2.9 za kozi moja, yaani safu moja ya vipande. Maegesho yako yalikuwa mita 21 za mraba, kwa hiyo una mita 60 za kozi. Ondoa sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya vipande vidogo na pembe zilizopondeka. Zinabaki mita 48. Kimo cha sentimita 60 kinahitaji kozi 6 zinazoonekana na moja ya kuzikwa, jumla 7. Gawanya 48 kwa 7, unapata mita 6.9. Zege la ukuta wa mita 9 huna, na ungelifahamu hilo ukiwa umekwisha kufika kozi ya tano, umechoka, huna pa kupata zege la rangi ile ile.

Punguza kimo kiwe sentimita 50. Kozi zinakuwa 6 pamoja na ya chini, na mita 48 zinakupa urefu wa mita 8. Mita moja iliyobaki usiijenge. Acha mwisho wa ukuta ushuke kozi moja moja hadi umezwe na mteremko, na mtu atakayeona atadhani ulikusudia tangu awali.

Kwa ujenzi wenyewe, chimba mtaro wa upana wa sentimita 45 hivi na kina cha sentimita 25. Weka sentimita 15 za kokoto na uzishindilie mpaka kisigino kisiache alama, kisha laza kozi ya kwanza ndani ya mtaro huo kwa kutumia vipande vikubwa kuliko vyote. Kozi hiyo ipime kwa pima maji kila kipande, hata kama itakuchukua siku mbili nzima, kwa sababu kosa la sentimita moja chini huonekana kama kosa la sentimita tatu juu. Kila kozi inayofuata irudi nyuma kidogo, ili ukuta wote uegemee mteremko kwa sentimita 8 kutoka chini hadi juu. Usiache kiungo cha kozi moja kikae juu ya kiungo cha kozi ya chini yake. Nyuma ya ukuta jaza kokoto na vipande vidogo kwa upana wa sentimita 20 au zaidi, na kati ya kokoto na udongo tandika kitambaa cha kuchujia maji, la sivyo tope litaziba nafasi zote, na maji yaliyokosa pa kutokea ndiyo yanayosukuma ukuta mpaka ulale.

Kipande cha sentimita 35 kwa 40 kina uzito wa kilo 34 hivi, na zege lako lote ni tani 5. Kwa hiyo vunja kila kipande kilipo, kisha kipeleke ukutani mara moja tu. Mkivunja zege, vaeni miwani ya kinga na mlimwagie maji kwanza, kwa kuwa vumbi lake likavu linaharibu mapafu. Nondo zikichomoza, kateni ncha zake zisibaki nje.

Nyundo Nzito amejibu:

Nakubaliana na hesabu ya Mwashi Mstaafu, lakini sioni sababu ya kuacha ukuta bila saruji. Mfuko mmoja au miwili si gharama ya kutisha, na ukuta ulioshikanishwa hautasogezwa na mtu wala mnyama. Mimi ningeweka saruji katika kila kozi.

Mwashi Mstaafu amejibu:

Ndugu Nyundo Nzito, ukuta wa saruji unadai vitu viwili ambavyo ukuta mkavu, usio na saruji, haudai. Kwanza unataka msingi wa zege usiotikisika, kwa maana ardhi ikijikunja kidogo tu wakati wa mvua na kiangazi, saruji hupasuka. Ukuta mkavu hujisogeza pamoja na ardhi na kutulia. Jambo la pili ni matundu ya kutolea maji katika kozi ya chini, moja kwa kila mita moja au moja na nusu, na nimeona kuta nyingi za saruji zilizolala chini kwa sababu fundi aliyasahau matundu hayo kuliko nilizoona zilizoanguka kwa kukosa saruji. Kwa kimo cha nusu mita, ukuta mkavu unatosha. Ungekuwa unavuka mita moja, ningemwambia aache kutuuliza sisi na amwite mhandisi.

Hata hivyo nitakupa nusu ya haki yako: kozi ya juu kabisa ishikanishwe kwa saruji, kwa sababu ukuta wa kimo hicho lazima watu wataukalia.

Seremala wa Jioni amejibu:

Naomba nijibu swali la tatu, la vitu vya kuachana navyo, kwa sababu katika orodha yako kuna vitatu vilivyonishtua.

Cha kwanza ni vile vipande vya mawimbi vya kijivu. Saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu zikivutwa, iliezekea majengo mengi ya karne iliyopita, na kwa macho hakuna mtu anayeweza kukuthibitishia kwamba kipande fulani kina asbesto au hakina. Hilo hujulikana maabara. Usivikate, usivitoboe, usivivunje, wala usivisugue kwa brashi. Vikiwa vizima na vimetulia, nyuzi zake hazipeperuki. Hatari huanza vinapovunjwa. Wasiliana na mamlaka ya taka ya eneo lako wakueleze namna ya kuvifunga na kuviondoa, na mpaka siku hiyo vifunike na usivitumie kama daraja la toroli, jambo ambalo nina wasiwasi umekwisha kulifanya.

Cha pili ni zile mbao za reli. Harufu ya lami ni ya kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao ambayo ndani yake mna kemikali zinazosababisha saratani, na joto la jua huitoa mpaka juu ya ubao. Usizitumie kwenye matuta ya mboga, usikae juu yake ukiwa na nguo fupi, na kwa vyovyote usizichome moto. Vivyo hivyo kwa ubao wowote wa zamani unaoelekea rangi ya kijani ambao huujui asili yake, kwa sababu kwa miongo mingi mbao za nje zilitiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Marekani yenyewe, watengenezaji waliacha kuitumia dawa hiyo kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, lakini mbao za kabla ya hapo bado zinazunguka kutoka ua mmoja hadi mwingine.

Cha tatu ni mapipa. Pipa ambalo halina lebo, na ambalo mtoaji hawezi kueleza lilibeba nini, halifai kuwekwa maji ya kumwagilia mboga hata ulioshe mara kumi.

Kuhusu paleti, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mguu wa ubao, wenye alama ya suke la ngano. Chini ya kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, ISPM 15, herufi HT humaanisha kwamba ubao ulipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, bila dawa, hizo zichukue. Herufi MB humaanisha zilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, hizo ziache. Zisizo na muhuri huwezi kujua historia yake, na zenye madoa ya mafuta au harufu zisikupotezee muda. Lakini hata paleti njema usiifanye ukuta wa tuta: mbao zake ni nyembamba na hazina dawa, na zikigusa udongo wenye unyevu zitaoza baada ya miaka michache. Zifanyie sanduku la mboji, zikiwa zimeinuliwa juu ya matofali mabovu.

Fremu za madirisha zina jambo moja la kuangalia, nalo ni rangi. Rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na nchi nyingine kwa nyakati zake. Usiipige msasa ikiwa kavu, na ikiwa inamenyuka, fremu hiyo isikae juu ya udongo utakaopanda mboga.

Mama Mboji amejibu:

Mwanangu Toroli Moja, wenzangu wamekupa hesabu na tahadhari, nami nitakupa mpangilio wa kazi, kwa sababu nilipoteza misimu miwili kwa kuanza na njia. Njia inavutia kuanza nayo kwa kuwa huonekana imekwisha mapema. Mimi niliitandika vizuri, halafu nikaipitishia tani za mawe na udongo, na mwisho wake ilikuwa na mabonde mawili ambayo mvua iliyageuza kuwa madimbwi.

Ukuta utangulie. Zege lako limekalia mahali pa matuta, kwa hiyo kila kipande unachokipeleka ukutani kinafungua nafasi hapo hapo, bila kuhamisha kitu mara mbili. Vipande visivyofaa ukutani vitupe moja kwa moja pale njia itakapopita, navyo vitakuwa kitako cha njia baada ya kupondwa. Ukuta ukikamilika, sawazisha udongo na utengeneze matuta. Njia iwe ya mwisho, ukirudi kinyumenyume kuelekea langoni.

Matofali yapange sasa hivi. Chukua mawili, yagonganishe: yanayolia kama kengele yameiva vizuri, yanayotoa sauti ya kufa yalichomwa vibaya au yana ufa. Matofali ya kuta za ndani mara nyingi ni laini, na mahali penye baridi ya kugandisha maji hubanduka ngozi baada ya majira machache, kwa hiyo yaliyo dhaifu yaweke chini ya sanduku la mboji. Chokaa ya zamani hutoka kwa pigo dogo la tindo, lakini saruji ikigoma usishindane nayo. Utavunja tofali ili uokoe tofali.

Likilazwa kwa ubavu wake mpana, tofali la sentimita 22 kwa 11 linataka kama 41 kwa kila mita ya mraba. Tuseme 340 yatafaulu mtihani wa sauti: yatakupa mita 8 za mraba na kitu, yaani njia ya upana wa sentimita 90 yenye urefu wa mita 9. Hufiki 14. Basi yapange matofali pembezoni tu kwa urefu wote wa mita 14, pande mbili. Hapo unatumia 128. Yaliyobaki, 212, yatandaze yote karibu na lango ambapo toroli hugeuka, utapata zaidi ya mita 5 za mraba zilizojaa, na sehemu nyingine katikati ya kingo uijaze kokoto. Na usisahau kuipa njia mwinamo wa kando, sentimita moja na nusu kwa upana wa sentimita 90, maji yasilale.

Jambo moja kuhusu zege na mimea: sehemu iliyovunjika karibuni hutoa chokaa, na udongo uliogusana nayo huwa na asili ya magadi kidogo kwa muda. Mimea inayopenda udongo wenye tindikali ipande mbali na ukuta. Mingine haitajali.

Toroli Moja amejibu, wiki tisa baadaye:

Wakuu zangu, shikamooni. Nilikaa kimya kwa sababu niliazimia kutoandika mpaka niwe na kitu cha kusimulia.

Siku ya kwanza sikujenga chochote. Nilichukua chaki, nikaandika kwenye kila kipande cha zege unene wake na herufi: M kwa msingi, K kwa kozi za kati, J kwa juu, na N kwa njia. Sikutarajia kwamba kazi ndogo namna hiyo ingekuwa na nafuu kubwa kiasi hicho. Rundo ambalo lilikuwa likinitazama kwa miaka tisa liligeuka kuwa makundi manne, na Jumamosi iliyofuata nilijua mkono uende wapi. Hesabu ya Mwashi Mstaafu ilikaribia ukweli sana: ukuta umeishia mita 7 na sentimita 80, kimo sentimita 50, na mwisho wake umeshuka ngazi kwa ngazi ukaingia ardhini kama alivyosema. Vipande vya J vilivyobaki ni vitatu.

Kosa nililolifanya ni hili. Kwenye kozi ya nne nilikuwa nimenogewa, nikaacha kukagua viungo, na siku iliyofuata asubuhi, jua likiwa upande, nikaona mstari mmoja wima umepanda kozi tatu bila kukatika, kana kwamba mtu ameuchora kwa kisu. Nilijaribu kujishawishi kwamba hautadhuru. Nikamwita mke wangu aje aone, naye akauliza tu, «Huo mpasuko ulikusudia?» Nikabomoa mita mbili. Nimepoteza siku moja, na kidole gumba kimebadilika rangi, lakini kipande kirefu nilichokilaza juu ya pale palipokuwa na mstari sasa ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Kuhusu vile vya kijivu, Seremala wa Jioni, ndiyo, nilikuwa nimekitumia kimoja kama daraja. Watu wa taka walinieleza nivilowanishe, nivifunge kwa plastiki nene bila kuvivunja na niviandike, wamekwisha kuvichukua. Mbao za reli zimepelekwa kwenye kituo cha taka hatari. Mapipa nimeyaondoa. Paleti sita zilikuwa na HT, moja MB, na nne hazikuwa na muhuri wowote. Zile sita zimekuwa masanduku mawili ya mboji yanayopokezana. Fremu mbili ambazo rangi yake ilikuwa imeshikamana nimempa mtu mwenye banda la miche. Nyingine nne zilikuwa zinamenyuka, zikaondoka na mbao za reli.

Matofali mazima yalikuwa 312 tu, kwa hiyo sehemu iliyojaa langoni imekuwa mita nne na nusu za mraba. Matuta mawili, kila moja mita 2.4 kwa 1.2, yamejazwa kimo cha sentimita 30, na kwa toroli langu la lita 60 kila tuta lilikula safari 14 na karibu nusu ya nyingine. Najua kwa sababu nilihesabu kwa chaki ukutani, na alama bado zipo.

Mama Mboji amejibu:

Hongera sana, mwanangu. Lakini hukutaja hodhi.

Toroli Moja amejibu:

Mama, nilitumaini hutauliza. Nilitaka kulizika liwe bwawa dogo, nikakumbuka kwamba wajukuu wa jirani huingia humu bila kubisha hodi, na mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji ya kina cha sentimita chache. Kwa hiyo limewekwa chini ya bomba, tundu lake likiwa wazi siku zote, nalo ndipo ninapooshea jembe na viatu. Bado haliko sawa: limeinama upande mmoja kwa sentimita mbili, na wale watu wanne niliowaita mwanzo hawapokei tena simu zangu.

Mwashi Mstaafu amejibu:

Lisiguswe. Limeinama kuelekea tunduni?

Toroli Moja amejibu:

Ndiyo.

Mwashi Mstaafu amejibu:

Basi liko sawa.